Kibanda au winchi: option ya gari tuliyoichagua kijijini kwetu enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za jioni.

Wanaonizidi umri humu ndani nawapa shikamoo, ingawa nadhani hawapo. Wengine wote marahaba, nimepokea hata kabla hamjanisalimia.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili. Huwa nakuja kusoma magari, nacheka kidogo, naenda kulala. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ule uzi wa kijana anayeagiza gari na anaomba ushauri achukue option gani na aache zipi.

Nimesoma comments zote. Mmoja anasema sunroof ni lazima. Mwingine anasema bila reverse camera hilo si gari. Kuna mmoja, na huyu anaishi Dar es Salaam, ametetea siti zinazopasha joto makalio. Nikajiuliza huyu mtu joto la pale halimtoshi?

Basi nina kisa. Kimenitokea mimi mwenyewe, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyashika kwa mikono hii. Sijaongeza chumvi, iliyomo inanitosha.

Tuanze.

Kwetu ni upande wa Mugeta, Bunda. Wakulima wa pamba na wafugaji. Mnaoijua Mara mnajua kwamba zamani watu hawakukaa kwa kubanana. Kila mzee alikuwa na mji wake: nyumba za wake zake, zizi katikati, mashamba yamezunguka. Ukitoka kwetu kwenda Bunda mjini, njia nzima ilikuwa na miji ya namna hiyo, mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa huwezi kutembea bila kusalimia, na salamu zenyewe ndefu.

Ikaja miaka ya sabini, tukahamia kijijini. Kijiji cha Ujamaa. Nyumba kwa mistari, shule, ghala la pamba, na shamba la pamoja. Sitaki kuleta siasa hapa, kuna majukwaa yake. Nasema tu kwamba wote wa ile njia tulikusanywa mahali pamoja, na ile miji ya zamani ikabaki mahame. Paa zikabomoka, nyasi zikaota mpaka ndani ya mazizi.

Mimi wakati huo kijana, nimeoa mwaka mmoja hivi. Nilikuwa nimejifunza udereva kwenye malori ya pamba pale Bunda, kwa hiyo kijiji kizima dereva mwenye leseni nilikuwa mimi peke yangu. Msinionee wivu.

Shamba letu la pamoja likafanya vizuri misimu miwili mfululizo. Kijiji kikaruhusiwa kununua gari. Wakuu, hamuwezi kuelewa. Leo kila mtu na kagari kake, lakini wakati ule kijiji kuwa na gari lake ilikuwa habari mpaka Butiama huko watu waliizungumza.

Bwana mmoja akaja kutoka Musoma na kitabu cha picha. Gari lenyewe pick-up ya four-wheel, chasisi ndefu. Akatuelezea kwenye mkutano wa kijiji, uwanja wa shule, kwamba linakuja tupu: injini, siti ya mbele, na nyuma wazi. Ukitaka zaidi unaongeza. Na hela yetu ya pamba ilitosha kuongeza kitu kimoja kikubwa, basi.

Kwa hiyo vijana, haya mambo yenu ya option hamkuyaanza ninyi.

Akaanza kufungua picha. Cha kwanza hita. Akaeleza kwamba ni kifaa cha kuleta joto ndani ya gari. Mama mmoja akauliza kama kinaweza kubandikwa sufuria. Yule bwana akacheka mpaka akafuta macho. Hita ikaachwa.

Cha pili redio. Hapo vijana wote tukanyanyuka. Mwenyekiti wetu, Mzee Masatu, akatukalisha chini. Akasema redio ya kijiji ipo na betri zimeisha, kwa hiyo ya pili itakuwa ya kunyamaza pamoja na ya kwanza.

Tangi la pili la mafuta. Hilo halikuzungumzwa sana, maana hata la kwanza hatukujua tutalijazaje.

Zikabaki mbili: winchi na kibanda.

Winchi ni ile mashine ya mbele kwenye bampa, ina waya wa chuma. Gari likikwama unafunga waya kwenye mti au gogo lililochimbiwa, inajivuta yenyewe. Kibanda ni bodi la chuma la kufunika nyuma yote, lina mlango, benchi mbili za pembeni zinazokunjwa, na katikati mtu mzima analala amenyooka.

Mimi nikasimama kama dereva nikasema tuchukue winchi. Nikawaeleza ile mbuga iliyo kati yetu na Bunda, udongo mweusi unaonata, mvua ya masika ikinyesha siku moja tu gari halipiti. Nilikuwa nimeshaona malori yanalala pale.

Akasimama baba yangu, Mzee Wandiba.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache na watu walimsikiliza. Akaniangalia kwanza, kisha akawageukia watu. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo.

"Mimi nimezaliwa hapa. Magari yalikuwaga yanakwama kwenye ile mbuga tangu ya mapadri, na yalikuwaga yanatoka. Yalitolewa na nini? Ni yowe. Mtu anapiga yowe, watu wanakuja na ng'ombe wa kulima, gari linatoka. Leo tununue chuma kifanye kazi ya watu?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Hapa niwaeleze kidogo wasiotoka kwetu. Yowe kwetu si kelele tu. Ilikuwa sheria. Ukilisikia unaacha tonge mkononi, unabeba ulichonacho, mkuki, kamba, jembe, unakimbilia linakotoka. Huulizi ni nani. Kama ni wizi wa ng'ombe, kama ni moto, kama ni mtu kaanguka kisimani, utajua ukifika. Aliyesikia akakaa nyumbani, wazee walimtoza ng'ombe, na baada ya hapo naye akiita haendi mtu.

Na ni kweli aliyoyasema baba. Nilipokuwa mdogo niliona lori la mhindi mmoja limezama mpaka kwenye ekseli. Yowe likapigwa, kabla utingo hajamaliza kulalamika pale palikuwa na jozi za ng'ombe kutoka kila upande.

Baba hakuishia hapo. Akasema, "Kwenye matope mtu anasaidiwa na watu. Lakini nikifa, nani atanifikisha kwetu? Serikali imesema tuhamie, tumehamia. Haijasema tuzikwe huku. Mimi baba yangu amelala kule, na babu yangu. Hilo gari linibebe nimelala kama mtu, nisipakiwe kama gunia."

Wazee waliokaa mbele wakaitikia kwa vichwa.

Kwa sababu hilo lilikuwa linatuuma sote. Tangu tuhamie, walikuwa wameshakufa wazee kadhaa, na kila mmoja alibebwa mabegani kutwa nzima kurudishwa kwenye mji wake akazikwe. Mmoja, mama yake rafiki yangu, ilibidi apandishwe juu ya lori la pamba, maiti iko juu ya magunia, dereva anapiga honi njiani kwa sababu ana haraka ya kwenda kupima mzigo. 

Mzee Masatu akaomba mikono. Winchi waliinua watu wa kuhesabika. Kibanda uwanja wote.

Na mimi niliinua kwenye kibanda. Wakuu, mpaka leo nikiirudia kichwani sioni mahali alipokosea kwenye maneno yake. Alikosea kwenye kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Tutafika.

Gari likaja. Rangi ya kijivu, kibanda cheupe. Watoto walikimbia nalo kutoka ghalani mpaka shuleni na kurudi.

Sasa niwatambulishe kwa mke wangu, Nyangeta.

Nyangeta alikuwa binti wa Kibara, kando ya ziwa, kwao wavuvi. Kumtoa mtu wa ziwani ukamleta kwenye pamba na ng'ombe si kazi ndogo. Alinisumbua kwa utani. Alisema sisi watu wa mbuga tunakula mboga ng'ombe wakituangalia wanatuona wenzao. Kila nikipeleka pamba Bunda alikuwa ananiagiza samaki, furu wabichi au gogogo, na nikirudi bila samaki alikuwa ananipikia ugali anauweka mezani peke yake, bila mboga yoyote, halafu anakaa kunitazama.

Lile gari alilipenda kuliko mimi. Siku likiwa limepaki kwetu alikuwa anaingia kwenye kibanda na ungo wake, anakaa kwenye benchi anachambua mchele au anamenya mihogo. Alisema kile chumba ni bora kuliko nyumba niliyomjengea, maana nyumba ilikuwa inavuja na kibanda hakivuji. Alikuwa anasema tuhamie humo, kama ni kuhamia tumeshazoea.

Baba yangu hakuwahi kuongea naye. Msishangae. Kwetu baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akiwa na neno anapitisha kwa mama. Nyangeta akimwona baba anakuja kwenye njia, anakata kuingia kwenye mashamba. Lakini nilijua baba anampenda. Akichinja mbuzi alikuwa anauliza kwa mama kama yule wa ziwani amepata maini.

Ngoja ninywe dawa yangu ya presha nirudi.

Nimerudi. Naona mkuu mmoja ameshaandika "mzee fupisha". Kijana wangu, hili jambo nimekaa nalo zaidi ya umri wa baba yako. Wewe vumilia dakika kumi.

Nyangeta akapata mimba. Ya kwanza. Mambo yakaenda vizuri mpaka masika.

Siku hiyo uchungu ulimwanza alfajiri. Bibi Nyabise, mkunga wetu wa kijiji, alikaa naye, na jua lilipopanda akatoka nje akaniambia mtoto amekaa vibaya na yeye hawezi. Twende hospitali Musoma, na twende sasa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Tukatandika godoro ndani ya kibanda. Nyangeta akalala, mama yangu upande huu, Bibi Nyabise upande ule. Baba akapanda mbele na mimi. Kati ya mbele na nyuma kulikuwa na kidirisha cha kioo. Baba akavua koti lake akalitundika pale, asije akageuka kwa bahati mbaya akamwona mkamwana wake katika hali ile.

Tukaondoka. Mvua ikaanza tena, nyepesi.

Kwenye mbuga nilifanya kila nilichofundishwa. Nikaweka four-wheel, gia ya pili, sikugusa breki, nikafuata pembeni kwenye nyasi. Tukafika katikati. Nikaanza kuhisi nyuma inazama.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kile kibanda. Bodi la chuma lote lile, benchi zake, mlango wake, na watu watatu, vyote viko nyuma. Mbele inataka kwenda, nyuma inakaa. Magurudumu yakazunguka bure, matope yakaruka mpaka juu ya paa, gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Nikashuka na koleo. Nikachimba. Nikaweka nyasi, nikaweka mikeka, nikaweka shati langu. Jeki ilikuwa inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Baba akashuka akaenda nyuma kusukuma.

Wakuu, hiki ndicho kinachonijia mpaka leo nikifumba macho. Mlango wa kibanda wa nyuma ulikuwa hauwezi kufungwa vizuri kwa sababu gari limejipinda. Kwa hiyo unasukuma ukiwa umetazamana na aliyelala ndani. Baba alisukuma kwa mgongo. Alikataa kabisa kugeuka. Mzee yule, miguu imezama mpaka magotini, ameegemeza mgongo kwenye bampa, uso ameuelekeza mbali, anasukuma na kuteleza, anaanguka, anainuka, anaegemea tena. Na nyuma ya kichwa chake mke wangu analia.

Halikusogea.

Baba akasema tulifungue hili dude tulitupe, gari lipate wepesi. Nikamwonyesha zile nati, zimezunguka pande zote, spana niliyonayo moja. Na hata kama ningeziweza, mvua inanyesha na Nyangeta yumo ndani.

Akapangusa matope mikononi. Kisha akasema, "Basi napiga yowe."

Akapanda kwenye kichuguu kilichokuwa pembeni ya njia. Akaweka mikono mdomoni.

Baba alikuwa na sauti. Nimemsikia akipiga yowe utotoni kwangu, siku ya wezi wa ng'ombe, na vilima vilijibu. Siku ile alipiga vile vile. Akapiga kuelekea mashariki, akasikiliza. Akageuka magharibi, akapiga, akasikiliza.

Hakuna.

Nikiwa chini kwenye tope na koleo langu nikangoja. Nilikuwa na uhakika, wakuu. Nilikuwa hata nimeanza kufikiri ng'ombe watafungwa upande gani. Nilizaliwa nikijua kwamba yowe linajibiwa, kama ninyi mnavyojua kwamba ukibonyeza swichi taa inawaka.

Baba akapiga tena. Safari hii akaanza kuita kwa majina. Akamwita Makuru, ambaye mji wake ulikuwa pale kwenye mwamba. Akamwita Manyama, wa pale ng'ambo kwenye minyaa, mwenye ng'ombe wakali wa kulima kuliko wote wa njia ile. Akawaita na wengine, mmoja mmoja, na kila jina aligeukia upande wa mji wenyewe.

Nami nikatazama alikokuwa anageukia. Minyaa ipo. Mwamba upo. Hakuna moshi hata mmoja.

Manyama alikuwa kijijini. Makuru alikuwa kijijini, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wote aliowaita walikuwepo kwenye ule mkutano wa gari, wamekaa chini kwenye uwanja wa shule, wanampigia makofi baba anaposema kwamba watu watakuja na ng'ombe. Watu wenyewe walikuwa ni wao. Na hakuna hata mmoja wetu uwanja mzima, si mimi dereva, si mwenyekiti, aliyefikiri kwamba kule njiani hakuna tena mtu wa kusikia.

Tulikuwa tumehama, lakini kichwani njia bado ilikuwa na watu.

Baba alipoelewa, mikono ilimshuka. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nawaita watu ambao nimelala nao jirani."

Akateremka kwenye kichuguu. Akaja mpaka kwenye kibanda, si mlangoni, ubavuni, akaweka kiganja kwenye bati. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimwoe yule binti. Akaongea naye.

"Mama. Vumilia. Nakwenda kuwaleta."

Na Nyangeta akamjibu. Sauti ilikuwa ndogo lakini tuliisikia. Alisema, "Haya baba. Huku hakuvuji."

Sijui alikuwa anatania au alikuwa anamtoa hofu mkwewe. Nimejiuliza sana. Yeye utani na huruma vilikuwa mahali pamoja.

Baba akakimbia. Mzee wa umri ule alivua viatu akakimbia kurudi kijijini peku kwenye matope.

Mtoto alizaliwa wakati baba yuko njiani. Wa kiume. Hakulia. Bibi Nyabise alimpiga mgongoni, akampulizia, akamfunika na khanga.

Baada ya hapo damu. Mama yangu alitoa kitenge chake, akatoa na cha pili, mimi nilikuwa sina shati la kutoa, liko chini ya gurudumu. Nikaingia nikakaa kwenye lile benchi alilopenda, nikamshika mkono. Mvua inagonga bati juu yetu. Ndani pakavu kabisa. Niliuchukia ule ukavu.

Hakusema neno jingine. Mkono ulipoa taratibu, na mimi niliendelea kuushika kwa muda kwa sababu sikutaka kuwa wa kwanza kuuachia.

Watu walikuja, wakuu. Baba alipofika kijijini alipiga yowe, na kijiji kizima kilitoka. Hakuna aliyebaki. Walikuja wanakimbia kwenye mbuga, wanaume kwa wanawake, na kamba na minyororo na jozi za ng'ombe. Manyama ndiye alikuwa mbele. Walifunga ng'ombe wakalitoa lile gari mara moja. Lilitoka kirahisi tu.

Hata sasa hivi, nikiandika, hapo ndipo moyo unapokataa. Lilitoka kirahisi.

Manyama aliponikaribia kunipa mkono hakuweza kuniangalia. Akasema, "Ungetukuta pale zamani." Nikamwambia najua.

Mvua ikapumzika, njia ikakauka kiasi. Tukampeleka Nyangeta kuzikwa kwenye mahame yetu, na mtoto wake kifuani. Alilala amenyooka kwenye kibanda, wakina mama wamekaa kwenye benchi pande mbili, mlango umefungwa, hakuna vumbi wala jua. Safari nzuri. Niliendesha mimi mwenyewe, hapakuwa na dereva mwingine. Tulipita pale pale kwenye mbuga, alama zetu za magurudumu zimeshakauka, gari halikuyumba hata kidogo.

Option yetu ilifanya kazi tuliyoinunulia. Siwezi kusema tulipunjwa.

Wazazi wake walikuja kutoka Kibara. Baba yake aliuliza mara moja tu, imekuwaje watu wenye gari. 

Msimu uliofuata kijiji kiliomba winchi. Tukaambiwa haziingii nchini kwa sasa. Tukaomba tena, tukachoka. Kibanda baadaye kilifunguliwa kikawekwa chini karibu na ghala, kikawa stoo ya mbolea. Mimi niliacha udereva. Nilirudi kwenye jembe, na baadaye sana nikaoa tena, nikapata watoto, hao ndio walioninunulia hii simu. Nashukuru. Lakini kuna kitu kilibaki kwenye ile mbuga na sijawahi kukirudia.

Baba hakuzungumza habari ile hata siku moja. Nilichogundua ni kwamba aliacha kwenda mahame. Zamani kila mwezi alikuwa anaenda kufyeka makaburi ya wazee wake. Akaacha. Nikawa naenda mimi kufyeka, maana Nyangeta yuko kule.

Ilipofika zamu yake, aliugua muda mrefu. Tukajua anakwisha, ndugu wakaanza kupanga safari. Kila mtu alijua atazikwa wapi, alishalisema mbele ya kijiji kizima na gari lilichaguliwa kwa ajili yake. Mzee Masatu mwenyewe alikuja kuniambia kibanda watakiosha na kukifunga tena, nati zote zipo.

Nikaingia ndani kumwambia baba. Nilidhani itamfariji.

Alikuwa amegeukia ukutani. Akasema, "Msinipeleke kule. Kule nilishaita, sikujibiwa. Nizikeni hapa, kwenye njia ya kisimani. Nisikie watu wakipita."

Tukamzika hapo. Kibanda kikabaki na mbolea yake.

Sasa kijana wa ule uzi, uliuliza option gani ina maana. Mimi sijui. Nimeendesha, nimefikiri miaka yote hii, na bado sijui. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kila option unayoiacha, unaiacha kwa sababu kuna kitu kingine unakitegemea. Unaacha spare tyre kwa sababu fundi yuko jirani. Unaacha tracker kwa sababu mtaa wenu hauna wezi. Sisi tuliacha winchi kwa sababu tulikuwa na watu. Kabla hujaacha, nenda kaangalie kama hicho kitu bado kipo mahali ulipokiacha. Sisi hatukwenda kuangalia.

Sikuandika ili mnipe pole, ingawa nitazisoma zote. Leo naishi Bunda mjini, nyumba ina geti, jirani yangu ana geti, wote tuna mbwa. Siku moja hapa karibuni nilisikia mtu anapiga kelele mtaani. Nikasimama mlangoni na fimbo yangu, nikangoja nione mageti yakifunguka. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma, nikatoka peke yangu. Nilipofika kwenye kona aliyekuwa anapiga kelele alishaondoka, sijui ni nani na sijui alipatwa na nini.

Karibuni mchangie. Semeni mngekuwa kwenye ule uwanja wa shule mkono wenu mngeinua wapi. Ila atakayeniandikia "mngechukua winchi", kwanza anitajie majina ya jirani zake, halafu aniambie akitoka nje sasa hivi akaita, ni yupi kati yao atafungua geti.